Uzi wa Nne wa Nsumbu

Ukimtafuta Kiyungu pale mtaa wa Ngiri-Ngiri usiulize nyumba, uliza Sikio. Kinshasa nzima ya wapiga magitaa ilimwita hivyo, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake. Miaka ishirini na mitatu alikaa barazani, kandambili miguuni, gitaa mapajani, bisibisi mkononi, akiyaweka sawa magitaa ya umeme ya orkesta za mji. Kazi yenyewe ukiitazama unaona mchezo. Unagusa uzi juu juu kwenye mstari wa kumi na mbili wa shingo ya gitaa, katikati kabisa, unalia kama kengele. Kisha unaubonyeza palepale na kuupiga. Sauti mbili zikiwa moja, gitaa ni zima, litaimba sawa toka chini hadi juu. Zikipishana, unazungusha skrubu ya darajani, kile kijichuma kinachobeba uzi kinasogea kidogo tu, mbele kwa uzi mwembamba, nyuma kwa mnene, unasikiliza tena. Wengine walikuwa na mashine ya kupimia. Kiyungu aliiita mashine hiyo fimbo ya kipofu.

Orkesta Ntembe ilimtegemea kiasi kwamba ilimtengea meza ya mbele kila Jumapili alasiri kwenye baa yao. Gitaa likilia vibaya, mkuu wa orkesta, Papa Ebengo, alisimamisha muziki, akainua kipaza sauti na kumuuliza mbele ya wanywaji wote: "Sikio, gitaa au mkono?" Kiyungu akisema gitaa, alipanda na bisibisi yake, watu wakapiga makofi. Akisema mkono, mpigaji alishuka, na kushuka huko hakukuwa na rufaa. Mara tatu alishasema mkono, na mara zote tatu alisema kweli. Kwa hiyo asitokee mtu akasema jamaa alikuwa tapeli. Hakuwa tapeli, alikuwa na majivuno tu, na majivuno yalimponza.

Ijumaa moja, siku kumi na mbili kabla orkesta haijapanda ndege kwenda Brussels, Nsumbu alileta gitaa barazani. Huyu Nsumbu alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto wawili, mpole hadi anakera. Alipiga mi-solo, gitaa linalokaa kati ya solo na ridhimu, na alikuwa ameingoja safari hiyo miaka tisa. Sasa, wapigaji wa mi-solo wa Kinshasa wana jambo lao: uzi wa nne mnene hawautaki. Wanautoa, wanaweka mwembamba kama ule wa kwanza na kuupandisha juu, ndipo gitaa linapata ule mlio wa kuchekacheka unaoinua watu vitini. Kila mtu mjini analijua hilo. Kiyungu alilijua kabla Nsumbu hajaota ndevu.

Lakini siku hiyo Kiyungu alikuwa na wageni. Mafundi wawili walikuwa wamevuka mto kutoka Brazzaville kuja kulishuhudia sikio, na yeye alikuwa amepamba moto, anawaonyesha, anawasimulia, anacheka kabla ya wenzake.

"Ya Kiyungu," Nsumbu alianza, akimwita kaka mkubwa kama ilivyo desturi, "uzi wangu wa nne umekatika jana, mwingine naupata kesho. Sasa nilitaka—"

"Unanifundisha?" Kiyungu alimkata. "Jamani, mmesikia? Huyu anataka kumfundisha Sikio!" Wageni wakacheka. "Weka hapo, mdogo wangu. Kamwambie mkeo akupikie, saa kumi uje uchukue."

Nsumbu akacheka naye, akaenda. Na Kiyungu, mdomo ukiwa bado unasimulia, akaona pengo la uzi wa nne, akaingiza mkono kwenye kopo lake, akatoa uzi mnene, wa kawaida, akaufunga. Akaupima, akarudisha kijichuma nyuma mpaka sauti mbili zikawa moja. Wageni wakapiga makofi. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna jingine la kuongeza.

Jumamosi Nsumbu alitoa uzi ule mnene, akaweka mwembamba wake. Jumapili orkesta ikaanza. Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa za sauti za chini, zikapita salama. Ya tatu mkono wake ulipopanda juu ya shingo ya gitaa, uzi wa nne ukalia chini ya wenzake, mlio wa kusononeka, mpaka wachezaji dansi wakageuza shingo. Nsumbu akaubonyeza zaidi. Ukazidi kuharibika. Papa Ebengo akainua mkono, muziki ukanyamaza.

"Sikio! Gitaa au mkono?"

Kiyungu alikuwa amelitengeneza gitaa hilo juzi tu, mbele ya mashahidi wawili wa Brazzaville. Hata hakusimama.

"Mkono," alisema.

Baa ikalipuka. "Shuka, baba! Kaoshe vyombo!" mmoja alipiga kelele. "Brussels utaiona kwenye kalenda!" Nsumbu aliinamisha kichwa, akavua mkanda wa gitaa, akaliegemeza taratibu kwenye spika, maana lilikuwa mali ya orkesta, akashuka kwa ngazi ya nyuma.

Jumanne mpigaji mpya, Matumona, alilileta gitaa lile lile barazani. "Papa Ebengo amesema ulitazame tu, Ya, nisije nikalaumiwa mimi." Kiyungu alilipakata, na kabla hajapiga hata mlio mmoja, macho yake yakatua darajani. Uzi wa nne mwembamba. Kijichuma chake kimerudi nyuma kabisa, mahali pa uzi mnene. Kimekaa pale pale alipokiweka yeye.

Loo! Kosa ambalo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja angelichekwa nalo, analifanya yeye, Sikio, kisha anamtwisha mwenzake mbele ya halaiki! Masikio yalimwaka moto, yale yale masikio. Matumona alikuwa amesimama hapo, anatafuna karanga. Sentensi moja ya kukiri ilitosha. Kiyungu akazungusha skrubu, akasogeza kijichuma mbele, akasikiliza, akamrudishia gitaa.

"Lina nini?" Matumona aliuliza.

"Halina kitu," alijibu, na hapo ndipo kosa lilipogeuka kuwa uongo.

Kesho yake kwenye mazoezi Matumona alipiga lile gitaa hadi juu kabisa, safi, kila mtu akatikisa kichwa kwa kukubali. "Si mnaona? Gitaa lile lile! Sikio hakosei." Kiyungu aliyasikia maneno hayo sokoni, akayasikia kwa kinyozi, na kila alipoyasikia alitamani ardhi ipasuke.

Alhamisi akaenda kwa Nsumbu akikusudia kusema. Mama Luzolo, mkewe Nsumbu, alimpokea kwa heshima zote, akamwekea kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki wa chumvi. Nsumbu alikuwa kwenye kigoda na gitaa la mbao la kuazima, vidole viwili vimefungwa kitambaa.

"Tangu alfajiri yuko hapo," Mama Luzolo alisema. "Mimi namwambia lilikuwa gitaa. Hanisikii, Papa Kiyungu. Mwambie apumzike."

"Mwache," Nsumbu alisema. "Ya Kiyungu alinisaidia. Wengine wangenichekea usoni tu. Mkono wangu unabonyeza vibaya, naurekebisha. Karibu ule, Ya."

Na Kiyungu akala. Haya ndiyo yaliyomwaibisha baadaye kuliko yote: kwamba alikula, akamaliza, akanawa. Alipoinuka alisema tu, "Jumapili uje baa. Nakuomba."

"Wanizomee tena?"

"Njoo, mdogo wangu."

Jumapili baa ilijaa, ilikuwa ya mwisho kabla ya safari. Nsumbu alisimama mlangoni na mkewe, nusu ndani, nusu nje. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, Kiyungu alipanda jukwaani bila kuitwa na kuchukua kipaza sauti.

"Wiki iliyopita nilisema mkono. Nilisema uongo. Lilikuwa gitaa, na aliyeliharibu ni mimi."

Mtu mmoja akacheka kwa upole. "Ona utu huo! Anamhurumia mwenzake!" Wakaanza kumpigia makofi. Papa Ebengo akamshika bega. "Ya, wewe ni mtu mwema, lakini wacha. Sote tulisikia."

Hawakumwamini. Jina lake lilikuwa limewajaa vichwani mno. Kiyungu akatazama meza zote zile zinazompigia makofi kwa wema, akaona heri matusi.

"Nipe gitaa," alimwambia Matumona.

Alitoa bisibisi, akakirudisha kijichuma nyuma, mzunguko kwa mzunguko, mahali alipokiweka Ijumaa ile. Akauweka uzi sawa, akamrudishia. "Piga chini." Matumona akapiga, safi. "Sasa panda juu." Matumona akapanda, na mlio ule ule wa kusononeka ukatoka kwenye maspika yote, ingawa mkono ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Makofi yakakatika.

Papa Ebengo aligeukia mlangoni. "Nsumbu," alisema, "jina lako halijafutwa kwenye karatasi za safari. Panda."

Nsumbu akapita katikati ya meza. Alipofika jukwaani hakumtazama Papa Ebengo, alimtazama Kiyungu.

"Mke wangu aliniambia ni gitaa," alisema. "Nilimgombeza. Siku saba namgombeza, kwa sababu nilikuamini wewe."

Kiyungu akanyoosha mikono apokee gitaa alirekebishe.

"Hapana, Ya," Nsumbu alisema. "Nipe bisibisi."

Akampa. Nsumbu akachutama mbele ya watu wote, gitaa pajani, akagusa uzi, akaubonyeza, akazungusha, akagusa tena, kwa vidole vyake vile vilivyofungwa kitambaa. Kiyungu alibaki amesimama karibu naye, hajui mikono aiweke wapi. Sauti mbili zilipokuwa moja alisikia, akangoja aulizwe kama gitaa liko sawa. Nsumbu alisimama, akavaa mkanda, akawapa wenzake ishara waanze.