Kati ya Ghorofa ya Nne na ya Saba

Nyumba yetu ya zamani Kariakoo ilikuwa ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua ambako wote tulipika, tulifua na kugombana. Babu aliijenga, mama akairithi. Chumba cha mwisho, karibu na bomba, alipanga mama mmoja wa Kichaga mwenye duka la vyombo mtaa wa pili. Mama yangu ni Mzaramo wa swala tano, yule alikuwa wa kanisani kila Jumapili, na sijawahi kuona watu wakigombana kwa raha kama wao.

Walikuwa hawatembeleani. Watatembeleana vipi, na jiko la huyu limegusana na la yule? Asubuhi mama alimsema kwa kumwaga maji ya dagaa karibu na ndoo zetu, mchana akamwonjesha mchuzi, jioni wakasukana. Milangoni palining'inia mapazia tu. Ukinuna, saa hiyohiyo mtu anakuuliza kulikoni, kwa hiyo kununa kwenyewe hakukudumu.

Kisha akaja mwenye fedha za kujenga. Mama akatoa kiwanja, akapewa fleti ghorofa ya nne. Jirani akanunuliwa ya saba na mwanawe mkubwa. Tulifurahi. Nilijua hawa wawili watazeeka pamoja, na kitakachobadilika ni choo cha ndani tu.

Mama alihamia kwanza. Akapiga deki, akachemsha chai ya tangawizi, akakaa kumsubiri mwenzake. Kwetu anayehamia ndiye anayetembelewa. Watu huja kumpa mkono, hata kwa kilo ya sukari. Siku zikapita, jirani naye akahamia juu. Nikamuuliza mbona jirani haji.

"Ana mtoto tajiri siku hizi. Atafuata nini kwangu?"

Nikamwambia basi apande yeye. Akanitazama kama nimemtukana.

"Nipande nikajipeleke? Mimi ndiye niliyehamia kwanza."

Lifti ilikuwa mbovu mara nyingi kuliko nzima, na magoti ya mama hayakuwa ya ngazi. Lakini sitayasingizia magoti. Mlango wetu ulikuwa wa mbao nzito, na mbele yake geti la chuma lenye kufuli. Mama, ambaye uani hakuwahi kupigiwa hodi na yule mwanamke, alijifunza kuchungulia kwenye tundu kabla ya kufungua. Akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, hata na sisi wanawe. Kinyongo ambacho zamani kingeisha kabla maharage hayajaiva, humo ndani kilipata pa kukaa. Nililichukia lile jengo, na bado nalichukia.

Wakikutana chini walisalimiana vizuri mno. "Za nyumbani, jirani?" "Salama tu, jirani." Kisha kila mmoja anatafuta funguo zake kwenye pochi.

Asubuhi moja mlinzi alimwambia mama, "Shikamoo mama, pole na msiba." Mama akauliza msiba wa nani. Mlinzi akashangaa. Yule mama wa ghorofa ya saba, presha ilimpanda. Msiba ulikuwa kwa mwanawe Mbezi, na jana yake mwili ulisafirishwa kwenda Kilimanjaro kuzikwa. Hakuna aliyetugongea. Kila mtu alidhani sisi ndio wa kwanza kujua. Mama alikaa palepale kwenye ngazi akalia kwa sauti yake yote, na watu wakafungua milango kuangalia kuna nini.

Wafiwa waliporudi kutoka kuzika, mama alipanda ghorofa ya saba kwa mara ya kwanza, akipumzika kila ghorofa. Nilimshika mkono. Binti wa marehemu alitufungulia, na kabla hatujaingia mama akaanza kujieleza kwamba alikuwa akimsubiri, kwamba yeye ndiye aliyehamia kwanza. Binti akamkumbatia.

"Na yeye alikuwa anakusubiri, mama. Kila nikimwambia ashuke, anasema, 'Hii nyumba ni ya mwenzangu, mimi ni mpangaji wake miaka yote. Mwenye nyumba hajaja kunikaribisha, nitashukaje?'"

Mama alivua viatu, akaingia, akauliza marehemu alipenda kukaa wapi. Binti akatuonyesha kiti cha mbao karibu na mlango, kimegeuziwa upande wa ngazi. Mama alikishika mgongo, akasimama hapo muda mrefu, na hakuweza kukikalia.