Nilimwambia Karibu Kule Tübingen

Sitaki uniambie nilikuwa nimechoka. Kila ninayemsimulia ananiambia hivyo, ati dada ulichoka na safari. Nilichoka, ndiyo, lakini uchovu haukutembezi mji saa tatu nzima. Mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa hapa Guangzhou, mwaka wa tisa huu, kwetu Makambako, na Mungu ananiona: haya yamenipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe.

Mwaka jana nilikwenda Ujerumani kwenye maonyesho ya vitambaa. Yalipokwisha zikabaki siku mbili, nikasema hata mimi ni binadamu, ngoja nitembee kidogo. Binti wa shangazi yangu, Upendo, anasoma Tübingen, mji mdogo wa chuo, wa zamani sana. Akanipokea, akanilaza, kesho yake akaenda kwenye mtihani akaniacha nizurure peke yangu.

Mji mzuri, jamani! Nyumba zimebanana kando ya mto, kila moja na rangi yake, nyingine zimeinama utadhani zinasikiliza umbea wa jirani. Wanafunzi wamekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia. Nami nikakaa, nikatoa mkate wangu. Hapo, sijui kwa nini, nikashikwa na hamu ya nyumbani mpaka mkate nikaurudisha mfukoni. Miaka minane! Mazishi ya mama yangu niliyaangalia kwenye simu.

"Dada, hapo pana baridi. Sogea huku kwenye jua."

Kiswahili! Ungekuwa wewe ungefanyaje? Niligeuka nusura nitumbukie mtoni. Kijana mrefu, koti jepesi, kovu dogo kidevuni. Akasema anaitwa Laurenti, mtu wa Mbinga, alikuja kusoma mambo ya miamba na madini.

"Mbinga! Basi lenu si linapita kwetu Makambako?" nikamwambia.

"Linasimama dakika kumi," akasema. "Watu wananunua mahindi ya kuchemsha dirishani. Bado wanauza?"

Nikamwambia bado wanauza, ingawa nitajuaje mimi?

Akanitembeza. Alinipandisha ngazi mpaka kwenye ngome, nikahema kama mgonjwa, yeye wala hakuhema. Akanionyesha saa ya kale kwenye jengo la mji, inayoonyesha mpaka mwendo wa mwezi, na vijana wanaosukuma mitumbwi mtoni kwa upondo. Kila kitu alikifananisha na kwao. Mlima ule kama wa kwetu, ukungu huu kama wa kwetu. Nikanunua chai mbili. Yake hakuinywa, aliishika tu kwa mikono miwili mpaka ikapoa. Muuzaji alinitolea macho, nikasema moyoni, haya, ndio ubaguzi wenyewe huu. Kumbe maskini wa watu alikuwa anamtazama mwanamke anayeongea na kiti.

Darajani nikamuaga kama tunavyoagana sisi. Nikasema, "Haya ndugu yangu, karibu sana nyumbani Guangzhou." Unajua tunavyosema. Tunamwambia hata askari aliyetupiga faini, na hakuna anayekuja.

Laurenti akasimama. "Kweli, dada? Nije?"

"Njoo tu."

"Siku nyingi hakuna aliyeniambia karibu. Kwako ni wapi?"

Nami na mdomo wangu huu nikamweleza: mtaa wa nyuma ya soko la vitambaa la Zhongda, ghorofa ya saba, mlango mwekundu.

"Na kutoka kwako, utanifikisha kwa mama?"

"Tutakwenda wote," nikasema, nikacheka. Yeye hakucheka.

Jioni nikamsimulia Upendo. Akaweka kijiko chini. "Mwenye kovu hapa kidevuni? Dada, Laurenti tulimzika sisi wenyewe. Mapafu, mwaka juzi, wakati wa theluji. Tulihangaika kumrudisha kwao, ikashindikana. Mama yake tulimtumia picha za kaburi."

Asubuhi akanipeleka makaburini. Nilikusudia kuufuta mwaliko, nimwambie, ndugu yangu, nilikuwa natania, usije. Nikasimama mbele ya jina lake lililoandikwa vizuri kwa herufi za Kijerumani, mtoto wa watu peke yake kati ya wageni, nikashindwa. Ungeweza wewe?

Nikarudi Guangzhou. Siku ya tatu, jua linazama, ndiyo kwanza nimetoka sokoni kubishana na laoban, bosi wa duka, aliyenijibu "mei you", hakuna, kwa kila rangi niliyotaka. Navua viatu, nikasikia mlangoni: "Hodi!"

Miaka minane mlango ule ulikuwa unagongwa na wapagazi na mwenye nyumba. Hodi hakuna aliyewahi kuipiga. Moyo ulinilipuka, na niamini, ilikuwa furaha. "Karibu," nikasema, mara ya pili, na safari hii nikijua vizuri namkaribisha nani.

Tangu siku hiyo yupo. Jioni anakaa juu ya marobota yangu ya vitambaa, namsimulia ya sokoni, ananicheka ninavyosema Kichina. Majirani wanadhani naongea na simu. Nimenenepa hata, maana sasa napika chakula cha kueleweka, nina mtu wa kumwambia kimeiva.

Lakini kila jioni ananiuliza, kwa upole, "Dada, tunaondoka lini?" Nilimwambia kontena langu likitoka bandarini Nansha. Likatoka. Nikamwambia lijalo. Nalo likatoka. Nikuambie ukweli? Nikimfikisha Mbinga atabaki kwa mama yake. Na mimi nitarudi kwa nani? Makambako sina mtu tena, na chumba hiki bila yeye sikiwezi.

Mwezi uliopita nikaomba namba ya mama yake kwa Upendo. Nikampigia, nikasema mimi ni rafiki wa marehemu.

"Asante kunikumbuka, mwanangu," akasema. "Utaniona nimechanganyikiwa. Namwota Laurenti, ametoka kule kwenye baridi, anakuja. Nimemtandikia kitanda. Ila naona kama kuna mtu amemzuia njiani."

Nikamwambia pole mama. Nikakata simu. Nililia siku ile mpaka jirani akagonga ukuta. Laurenti alikuwa amekaa palepale kwenye robota, amesikia sauti ya mama yake, na hakunilaumu hata kwa neno moja.

Basi nakuonya, wewe unayependa kutembea miji ya watu. Usimwambie mtu karibu kwa mazoea, maana yupo atakayekuja kweli. Na kama wewe ndiye mpweke kuliko yeye, funga mdomo wako kabisa, utakuja kumfanyia mwenzio kama ninavyomfanyia mimi.

Jioni hii ameniuliza tena. Nimemwambia wiki ijayo.