Mchezo wa Skrini Nyeusi

Kwa muda mrefu hakuna ujumbe wa simu, tangazo la mazishi wala karatasi ya chama cha wakulima iliyofika masikioni mwa Mwalimu Cleophas bila kupita kwanza mdomoni mwa mkewe, Edinah.

Presha ya macho ilimpokonya Cleophas nuru akiwa bado anafundisha Kiingereza katika shule moja ya upili upande wa Nyansiongo. Akarudi nyumbani kwao, kwenye mteremko ulio chini ya soko la Kebirigo, majani chai juu na migomba chini, akakaa kwenye kiti akanuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Edinah ndiye aliyemtoa kwenye kiti hicho, na alimtoa kwa kusoma. Alimsomea gazeti lililofungiwa nyama, alimsomea somo la shule ya Sabato, alimsomea hata maandishi ya mfuko wa mbolea siku ambazo hakukuwa na kitu kingine. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, alivuta kigoda karibu, akasafisha koo, na nyumba ikawa ya watu wawili tu.

Akina mama kanisani walimsifu. "Mama Mogire, wewe Mungu atakulipa," walimwambia, wakimwita kwa jina la mwanawe na kumshika mkono. Naye alitazama chini kwa unyenyekevu, lakini tusidanganyane, sifa hizo alizinywa kama uji wa wimbi uliotiwa sukari. Alipenda kuhitajika. Sioni dhambi hapo, ila mtu akizoea kuhitajika huanza kudhani ni haki yake.

Kisha kukaja mafunzo ya kompyuta mjini Kisii. Kikundi cha wasioona kilikuwa kikikutana katika ukumbi mmoja mjini, na mkufunzi wao alikuwa mwanamke aliyeitwa Nyamoita, mzaliwa wa Ekerenyo, kipofu tangu kuzaliwa, aliyefanya kazi ya kupokea simu katika ofisi fulani. Cleophas alipewa kompyuta kuukuu ambayo wenye kuona walikuwa wameichoka. Nyamoita akafuta yote yaliyokuwamo, akaitia Linux, mfumo mwepesi, kwa kuwa mashine ilikuwa imezeeka na haikuweza tena kubeba mizigo mizito, kisha akaitia programu ya kusoma skrini. Chochote kilichoandikwa, mashine inakitamka. Mwanzoni ilitamka polepole kama mhubiri. Cleophas akaiongeza mwendo, akaiongeza tena, hadi ikawa inapasuka kama mahindi yanayokaangwa. Edinah na kidato cha nne chake hakupata hata neno moja.

Hapo bado alivumilia. Kilichomshinda ni michezo.

Nyamoita alikuwa amemfundisha Cleophas michezo ya zamani, ya enzi ambazo kompyuta hazikujua kuchora. Haina picha hata moja. Mashine inakueleza kwa maneno mahali uliposimama: uko kwenye ukumbi wa jumba lililoachwa, kaskazini kuna mlango, na ngazi inashuka gizani. Wewe nawe unaandika unachotaka kufanya. Nenda kaskazini. Chukua taa. Fungua sanduku. Inakujibu, na ukiandika upuuzi inakujibu kwa kiburi. Siku moja Cleophas aliiambia anataka kula ngazi, nayo ikamwambia ngazi hiyo haijaiva. Alicheka hadi akapaliwa.

Edinah alitoka jikoni mbio akidhani ni kikohozi. Alimkuta mumewe ameketi mbele ya skrini nyeusi tii, anafuta machozi ya kicheko.

"Hii kitu imezimika," Edinah alisema.

"Haijazimika, Mama Mogire. Nimezima mwangaza tu. Ya nini nimalize betri na hakuna mtu anaangalia?"

Hakuna mtu anaangalia. Edinah alirudi jikoni na maneno hayo, akasugua sufuria iliyokuwa tayari safi.

Cleophas na Nyamoita walicheza mchezo mmoja, kila mtu kwenye mashine yake, na wakikwama walipigiana simu. "Umejaribu kamba?" sauti ya Cleophas ilisikika sebuleni. "Ikakatika? Woi! Basi rudi jikoni, kuna kisu." Na Edinah, aliyesimama katika jikoni ya kweli yenye kisu cha kweli, alihisi moyo unamchoma. Ndiyo, wivu. Usiku alilala akimpa Nyamoita sura: mara mwembamba mwenye shingo ndefu, mara mnene mwenye vishimo mashavuni, na kila sura ilikuwa nzuri kuliko yake.

"Huyo Nyamoita ana umri gani?" aliuliza siku moja, akijifanya anatafuta sindano.

"Sijui. Sijawahi kumwona," Cleophas alijibu, akacheka kwa mzaha wake mwenyewe.

Edinah hakucheka. Kigoda chake kilikuwa kimehamiwa na kuku wa kutaga, kwa maana jioni hakuna aliyekiita tena. Sabato moja kanisani mwalimu wa darasa aliuliza swali gumu, na Edinah akamgeukia mumewe ili amnong'oneze lile fungu ambalo hakuwa bado amemsomea. Cleophas alikuwa ameshainua mkono. Alijibu vizuri, akataja hata mistari. Mashine ilikuwa imemsomea somo la wiki nzima. "Mwalimu amerudi!" watu walisema kwa furaha, na hakuna aliyemshika Edinah mkono siku hiyo. Nyumbani alimjibu mumewe ndiyo na hapana hadi jua likazama.

Halafu ukaja ungo. Cleophas aliomba ungo mmoja wa mkewe, akaomba maharage ya aina aina na nyuzi za migomba zilizokauka, akawa anapanga. Kila harage lilikuwa chumba cha lile jumba la kwenye mchezo, na uzi ulikuwa njia kutoka chumba hadi chumba. Maharage mekundu yalikuwa vyumba vya chini, ya manjano vya juu, na punje ya mahindi ilionyesha mahali penye kitu cha kuchukuliwa. Alimuuliza Edinah rangi tu, "Hii ni nyekundu?" na akishajibiwa alifunga mdomo. Kazi yenyewe ilikuwa ya taratibu, ya kupapasa na kubana harage katikati ya fito za ungo lisibingirike. Akimaliza kila siku aliuweka juu ya kabati.

"Tafadhali usiguse huo ungo," alimwambia.

Katika nyumba yake! Ungo wake! Maharage aliyoyavuna kwa mgongo wake! Edinah alijua bila kuambiwa kwamba hiyo ni ramani ya mumewe na yule mwanamke, kwamba kila uzi ni mahali walipopita pamoja wakicheka.

Ijumaa ndiyo siku ya kupika ya Waadventista. Chakula cha Sabato kinaiva kabla jua halijazama, na mwenye nyumba ambaye jua linamkuta bado anakoroga chungu husemwa kwa wiki mbili. Ijumaa hiyo Edinah alikuwa ameinjika mahindi na maharage, na Cleophas yuko zizini anakamua, kazi ambayo vidole vyake viliifanya vizuri tangu zamani. Mahindi yalikuwa mengi, maharage yakawa machache. Gunia lilikuwa pale pale ghalani. Edinah hakwenda ghalani. Alipanda juu ya kiti, akashusha ungo, akang'oa nyuzi, akaumimina wote chunguni. Ukumbi, ngazi, ghorofa, stoo, vyote vikazama. Kwa muda mfupi alihisi utamu mkubwa kifuani, na sitakuficha hilo.

Simu ya Cleophas ikalia mezani. Edinah aliona jina, akaipokea kwa mkono wenye maji.

"Bwairire, Mwalimu!" sauti ilisalimu kwa Kigusii.

"Mwalimu yuko kwa ng'ombe. Ni mke wake."

"Mama Mogire! Hatimaye!" Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima mwenye mafua, na nyuma yake mtoto alikuwa akilia na mwanamume akiuliza chumvi iko wapi. "Ngoja, huyu mzee wangu hajui nyumba yake. Iko kwa kopo! Kwa kopo! Sasa, Mama Mogire, amekuonyesha ile ramani?"

"Ramani gani?"

"Ya ungo. Kwani hajamaliza? Mimi nilimwambia, bibi yako hawezi kufuata hiyo sauti yako ya kukimbia. Mtu wa macho mpatie kitu ataona. Mimi siihitaji, na yeye haihitaji, yote iko kwa kichwa. Hiyo ni yako. Na unajua amekataa kuingia kwa chumba ya mwisho? Nimembembeleza hadi nimechoka. Anasema hiyo ataingia na bibi yake."

Edinah alisema asante, akasema Sabato njema, akakata simu. Chungu kilikuwa kimeanza kuchemka. Alichukua mwiko akajaribu kuvua maharage mekundu, lakini maharage ya chunguni yote yanafanana yakishaloa, na mvuke ulimuunguza kifundo cha mkono. Akaacha.

Jua lilipozama waliimba wimbo mmoja, wakaomba. Cleophas akasema amina kisha akageuza uso kuelekea kabatini, kama mtu mwenye jambo zuri la kusema. Edinah akamwahi.

"Nimepika ungo wako."

"Umepika nini?"

"Ile maharage. Yote. Iko kwa chungu na mahindi."

Cleophas akamgeukia. "Ilimwagika?" akauliza, na aliuliza kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango. Edinah angesema ndiyo, ingekuwa ndiyo hadi kufa kwao.

"Haikumwagika. Nilimwaga mimi. Nilikuwa na wivu, Baba Mogire."

"Wivu na Nyamoita?"

"Na Nyamoita, na hiyo mashine, na hiyo sauti yake. Na kila kitu inakuchekesha na si mimi." Alikuwa analia sasa. "Nilikuwa nakusomea. Tulikuwa tunakaa hapa tukiwa sawa. Ni nini ilikuwa mbaya?"

Cleophas alisugua magoti yake kwa viganja, juu na chini, alivyofanya zamani akisahihisha mitihani mibaya.

"Mimi pia nimekuwa na wivu," alisema. "Miaka hiyo yote."

"Na nani?"

"Na wewe."

Edinah aliacha kulia kwa mshangao.

"Ukinisomea kitu ya kuchekesha, unacheka kwanza. Halafu ndiyo unasoma, na mimi nacheka nyuma yako kama mtu wa kukodishwa. Unakumbuka Mogire alipoandika kuhusu bibi yake kujifungua? Ulishika simu ukaanza kulia. Sikujua ni kilio ya furaha ama ni ya msiba. Nilishika hii kiti hivi, nangoja. Ulipangusa macho kwanza, ukapenga kamasi, ndiyo ukaniambia ni msichana. Wewe ulikuwa nyanya tayari, na mimi bado nilikuwa najiuliza tutazika nani." Alivuta pumzi. "Sikusema ulikosea. Ulikuwa unanisaidia, na mtu anakusaidia utamwambia nini? Lakini hiyo mchezo haina mtu wa kunitangulia. Mimi ndiyo nafika kwanza."

Edinah alitaka kujitetea. Alitaka kumwambia kwamba jioni hizo ndizo zilizokuwa bora katika maisha yake, kwamba alizitunza moyoni moja moja. Lakini alikumbuka jinsi alivyokuwa akipitisha macho mbele kwanza, akionja habari, akichagua aanzie wapi, na jinsi alivyopenda uso ule usioona ukiwa umemwelekea unangoja. Chakula kingine cha Sabato hakikupikwa. Wali haukuwapo, nyama haikuwapo. Sabato mchana walikula lile jumba, na Cleophas akaomba kuongezwa.

Jumapili mvua ya alasiri iliwafungia ndani, ile ya mawe inayochana majani chai. Cleophas aliwasha kompyuta yake, akachomoa visikizi ili sauti itoke wazi, akaipunguza mwendo kidogo. Edinah alitoa kuku kigodani, akakipangusa, akakileta.

"Tuko mbele ya mlango wa chumba ya mwisho," Cleophas alimwambia. "Hata Nyamoita bado hajaingia, hajui kuna nini ndani. Nikuwashie mwangaza wa skrini? Unaweza kusoma mwenyewe."

Edinah alitaka. Asikudanganye mtu kwamba wivu ulikuwa umemwisha; ulikuwa umekaa kooni kama kipande cha muhogo. Kwa mwangaza ule angesoma taratibu kwa Kiingereza chake, na pengine macho yangewahi neno la maana kabla sauti haijalifikia. Macho huwahi siku zote.

"Wacha ikae hivyo," alisema. "Ingia tu."

Vidole vya Cleophas viliandika, vikatulia. Sauti ikaanza kumiminika, na ingawa alikuwa ameipunguza, Edinah alishika neno moja hapa na moja pale, mlango, mkono, mama, na mengine yote yakampita. Mumewe aliinamisha kichwa karibu na mashine. Midomo yake ikatetemeka. Akatoa sauti kifuani, kisha akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakimtikisika.

Edinah hakujua kama analia au anacheka. Alishika ukingo wa kigoda, akangoja.