Swalha hataki msimamizi bafuni

Saa nne asubuhi, Swalha Abubakary amesimama mapokezi katika nyumba ya kuogea ya Kijapani eneo la Liuhua, jijini Guangzhou. Ameonyeshwa kiti, hakitaki.

"Mwambie laoban nimefuata jibu langu," anamwambia mhudumu kwa Kichina cha sokoni. Laoban ni bosi, na bosi yuko nyuma ya pazia anakunywa chai.

Swalha, 41, mzaliwa wa Zanzibar, ni mkalimani wa wafanyabiashara. Kwa miaka kumi na miwili amewatembeza akina mama wa Kitanzania kwenye masoko ya Shisanhang kununua nguo na Shiling kununua mikoba, kwa yuan 250 kwa siku. Wanazunguka mpaka miguu inavimba. Siku ya mwisho huwaleta hapa.

Kwingine wanawake huoga pamoja, uchi, na wateja wake hawavui nguo mbele ya mtu. Hapa kuna chumba cha faragha chenye beseni kubwa la maji ya moto ya chemchemi. Unakodi saa moja, unaingia peke yako, unafunga mlango.

"Mteja wangu Bi Bimkubwa ana miaka 62. Aliniambia, mwanangu, tangu nianze safari za China leo ndiyo mgongo umenyooka," anasema Swalha.

Hiyo ilikuwa Ijumaa iliyopita, na balaa lilianzia hapohapo. Kwa desturi ya Kijapani unajisugua kwanza nje ya beseni, unasuuza povu lote, ndipo unaingia kujiloweka tu. Maji hubaki safi, kwa hiyo huachiwa anayefuata. Bi Bimkubwa alijisugua barabara. Alipomaliza kujiloweka, akachomoa kizibo, maji yote yakaenda.

"Kwetu kumwachia mtu maji uliyoogea ni kumdharau. Yule mama kafanya adabu, halafu bosi anamwita mchafu," anasema Swalha, sauti ikimpanda. "Beseni linajaa kwa saa mbili, najua. Kosa ni langu, sikumwambia, na radhi nimeomba. Lakini mchafu? Mtu aliyejisugua nusu saa nzima?"

Kilichomchefua zaidi ni sharti la bosi: Watanzania waje, ila mhudumu akae ndani awachunge wakioga. Swalha alimtaka aliondoe, na leo amefuata jibu.

Pazia linafunguka. Bosi anarudia lilelile huku akitabasamu: mhudumu ni mwanamke, tatizo liko wapi?

"Wachina wanaokodi chumba hiki unawawekea mtu wa kuwatazama?" Swalha anamuuliza.

Kusema kweli, hata mwandishi wa habari hii, aliyekaa pembeni, damu inamchemka.

"Nitafikiria," bosi anasema.

Swalha anabandika karatasi mlangoni mwa chumba cha beseni, kwa Kiswahili: Usichomoe kizibo, maji ni ya mwenzako. Jumapili anawaleta akina mama watano kutoka Dar es Salaam. Kila mmoja atasomewa karatasi hiyo kabla ya kuingia, kisha atajifungia. Bosi akikataa kuondoa sharti lake, Swalha atatafuta bafu jingine, hata nje ya mji.

"Miaka yote hii nalala nao chumba kimoja," anasema. "Sijamwona hata mmoja bila kanga. Mimi sijaona, aone mhudumu wake?"