Taji Alilokosa Orfidio

Orfidio alikuwa na kila kitu, na kila kitu chake kiliniuma. Tuliandikishwa jeshini siku moja, mimi nikiwa mkubwa kwake kwa miaka miwili. Mimi nikarudi hapa mjini kwetu Mevania na mguu mbovu na kipande cha shamba lenye mawe. Yeye akarudi afisa mkubwa, ana nyumba ya nguzo, mizeituni mpaka mlimani kule, na watumwa wa kumkanda mgongo bafuni. Mimi mgongo najikuna ukutani.

Kimoja tu alikikosa: taji la majani ya mwaloni, la askari aliyeokoa maisha ya mwenzake. Mwenye taji hilo akiingia kwenye michezo, watu wote husimama, hata madiwani. Halinunuliki. Sharti aliyeokolewa aseme kwa kinywa chake, "Huyu ameniokoa," na tangu hapo amheshimu kama baba mzazi.

Aliyeokolewa ni mimi. Ng'ambo ya mto Danubi mkuki ulinitoboa paja, Orfidio akanibeba mgongoni, mishale ikitupita masikioni. Mkuu wetu alipouliza, nikasema nimetambaa mwenyewe. Nimwite baba, mtoto yule? Thubutu!

Miaka ishirini na minne nilinyamaza. Akiingia kwenye michezo, watu wanaendelea kutafuna njegere zao, nami roho yangu kwatu. Hakunidai neno hata siku moja. Kila sikukuu ya mungu Saturni alikuja na mtungi wa divai.

"Mguu unasemaje, kaka Trebio?"

"Unakusalimu," nilimjibu, nikainywa divai yake kwa hasira.

Mke wangu Helvia ndiye pekee aliyejua. "Neno moja tu, mume wangu. Au unangoja afe?"

"Afe yule? Anakula vizuri mno!"

Mavuno yaliyopita akafa, homa ya siku tatu. Mazishini mpwa wake alitaja vyeo vyote. Taji hakulitaja, angelitaja vipi? Nilikuwa nimesuka taji la majani ya mwaloni, nikachechemea mpaka mbele.

"Aliniokoa! Huyu ni baba yangu!"

Watu wakaangua kicheko, mmoja akapaza sauti:

"Baba yako, mzee mzima? Wosia umeshasomwa, Trebio! Umechelewa!"

Mpwa akanishika mkono, akanitoa polepole. Taji likaanguka, wabeba maiti wakalikanyaga.

"Nenda kapumzike, babu," akasema. "Divai tutaendelea kukuletea."

Na kweli wameileta. Mtungi uko pale mlangoni, sijaufungua.