Jino Haikuwa ku Liste

Dada yangu alitafuna ku upande moja tu karibu mwaka muzima, na mi sikuona. Muntu anauzisha chakula, lituma, mbele ya nyumba kila asubui, anatwanga ndizi na nguvu yake yote, anatania ba client. Utajua namna gani kama mudomo yake iko na moto ndani? Nilijua siku moja tu, vile nilikuta kopo yake ya dawa ingali na dawa mingi na mwezi ilikuwa inaisha.

"Dada, hii nini?"

"Acha kelele, majirani banasikia."

"Hii nini?"

Akafungua mudomo. Jino ya nyuma ilikuwa nyeusi, na nyama yote pembeni ilivimba. Akanielezea pole pole: akikunywa ile dawa bila kula, kichwa inazunguka, anatapika. Na kula haweze, juu ya jino. Basi leo anakunywa, kesho anaruka.

Ile dawa ni ya sida, ukimwi. Hapa Mubi ni mi tu na muganga wa centre de santé, kituo ya afya, njo tulijua. Na musiniambie nitulie. Wakati tulikimbia vita kule Bihambwe, dada alitupa mufuko ya bitu byake mu njia juu anibebe mi ku mugongo. Ukimugusa yeye, umenigusa.

Kesho yake nikaenda ku centre de santé. Masomo sina, lakini kusoma nilijifundisha mwenyewe, ku karatasi ya kufungia sabuni na ku kila kibao ya barabara. Nikasoma ku ukuta liste ya bitu projet ya sida inalipa, kutoka juu mpaka chini: dawa, labo, unga ya uji, transport. Nikamuuliza muganga, ni mama moja mupole:

"Mama, jino iko wapi hapa?"

"Haiko."

"Haiko namna gani? Mudomo ya mugonjwa iko inje ya mugonjwa?"

Batu benye kungoja ku banc bakacheka. Ye hakucheka.

"Weye kijana, mi njo nilichora ile liste? Niliandika barua mara mbili. Bagonjwa bangu mingi banakuya hapa na mashavu imevimba. Banajibu: meno haiko mu projet. Walikale ku hospitali iko muganga wa meno, anang'oaka vizuri. Lakini mutalipa benyewe."

"Na ule papa nilileta hapa juzi, risasi ilimuvunja taya, nani alimulipia?"

"Ule ni wa vita. Vita iko na projet yake."

"Kumbe dada yangu alitakiwa kwanza apigwe risasi?"

"Toka hapa na ile mudomo yako."

Nikatoka. Ile franga ya hospitali sikukuwa nayo, na dada vilevile.

Sasa, shiye ba motard ba Mubi, benye kubeba batu ku moto, ile pikipiki, tuko na caisse yetu ya franga. Kila moja anatia kitu, na client akianguka ku moto, caisse inamutunza. Sikuwaza mara mbili. Nikaenda kwa président wetu, papa moja wa Butembo mwenye boutique ya vipande vya moto.

"Président, nimeangusha client. Jino yake imeharibika."

"Client gani?"

"Dada yangu."

Akaniangalia. "Weye, vile unajisifu ku mashimo yote ya hii barabara, njo umeangusha dada yako?"

Ile ilinichoma kuliko uongo yenyewe. Mi sijaangushaka muntu hata moja.

Lakini mu hasira yangu nilisahau desturi yetu. Motard akiangusha muntu, comité yote inakwenda naye mpaka kwa ule muntu, na kuku, na mwenye kosa anapiga magoti anaomba musamaha. Siku ya Mungu kisha misa, bakanitia mbele mpaka kwa dada. Dada nilikuwa nimemuambia asubui tu: "Bakikuuliza, useme ndiyo."

"Mama, pole," président akasema. "Huyu mupumbavu alikuangusha wapi?"

Mi niko chini, magoti mu matope, kuku mu mikono. Dada akaniangalia, kicheko ikamushika. Akacheka mpaka jino ikamupiga, akashika shavu, machozi ikatoka.

"Papa, hakuniangusha. Anaendeshaka vizuri. Inuka, weye."

"Nilisema mi!" motard moja akapiga kelele. "Hana hata kidonda ku kiwiko!"

Bakanirukia na maneno. Muongo, mwizi. Président akanivua gilet yangu ya motard hapo hapo. "Wiki mbili hauonekane ku parking. Unaiba caisse ya benzako juu ya jino ya kuoza? Jino, muntu analala, anaamuka, imepona!"

Na mi, mwenye hanyamazaka, nikanyamaza. Neno ilikuwa hapa ku ulimi, lakini ilikuwa ya dada, haikuwa yangu. Nikakamata ile kuku karibu kuiua.

Dada njo alisema. Alipanguza mikono ku kitenge yake. Mulango ya jirani ilikuwa wazi.

"Papa, mi nakunywa dawa ya sida. Nisipokula, siwezi kuikunywa. Nisipoikunywa, munajua. Alidanganya juu ya ile."

Kila muntu akaangalia chini. Président akavua kofia.

"Mama, pole sana. Lakini caisse iko ya ajali na ya kilio. Ya ugonjwa haiko."

Njo nikapasuka.

"Ya kilio! Dada yangu akikufa, mutalipa sanduku ya kumuzika?"

"Tutalipa. Ni sheria yetu."

"Basi munipe ile ya sanduku leo! Munangojea nini? Akufe kwanza njo mumuhurumie?"

"Nyamaza, weye," dada akasema.

Sikunyamaza. Nililia, nikatukana, nikaomba, yote pamoja. Mwishoni bakaenda nyuma ya nyumba kuzungumuza. Bakarudi na franga ya sanduku, na karatasi: siku dada atakufa, caisse haitatoa kitu, hata mbao moja. Nikaisoma mara mbili, nikasaini.

"Kwa hiyo mi nitazikwa na nini?" dada akaniuliza.

"Hautakufa."

"Mutoto wa mama, batu bote banakufaka."

"Si mwaka huu."

Mwenzangu moja alitupeleka Walikale, shiye bote batatu ku moto moja. Ku barrière, pale banafungaka barabara, asikari akauliza tunaenda kufanya nini. Dada akamufungulia mudomo. "Pita, pita!" akasema, akageuza uso.

Jino ikatoka. Kisha siku tatu alikula, akakunywa dawa yake, haikumutapisha. Nilimuangalia akitafuna kama muntu anaangalia match ya mpira.

Lakini musifikiri nilipona hasira. Ba client ba lituma balipunguka, juu ya ile mulango ya jirani. Banapita, banasalimia vizuri, banaenda kula kwingine. Ile sitasahau.

Na kisha mwezi moja, mama moja akanikuta ku parking, shavu imefungwa na kitambaa. Anakunywaka dawa pamoja na dada. Akaniambia yeye hana ndugu mu ba motard. "Kaka, sanduku ingine haiko?"

Nikawaza: yangu iko. Nikaenda kwa président kuitoa. Akakataa, akasema sanduku ya motard mwenyewe haitolewe, hata akipiga magoti. Tuligombana mpaka batu ba boutique bakatoka inje.

Nikamurudisha ule mama kwake bure. Nilienda pole pole, lakini ile barabara munaijua. Njia yote alishika shavu ku kila shimo.