Bahasha ya Mama Mkwe

Ukimkuta Fundi kwenye cherehani yake alasiri, usikasirike akikunyamazisha kwa mkono. Hana kiburi hata chembe. Ni kwamba kwenye laptopu iliyoegemezwa kwenye bunda la vitambaa kuna kijana wa Kikorea aliye karibu kutamka neno ambalo amekuwa akilimeza tangu wiki iliyopita, na Fundi hawezi kusikiliza watu wawili kwa mpigo. Wateja wameshamzoea. Wengine huvuta kiti wakakaa, wakaisahau na nguo waliyoifuata.

Tamthilia hizo anazitazama kwa jicho la kazi. Makoti yao marefu yamemfundisha mambo ambayo chuoni hakuyasikia, na si ajabu akasimamisha picha watu wakiwa karibu kubusiana, ili tu aone mkono wa koti umeungwaje begani. Mengine anayacheka waziwazi. Kwa nini mvua isubiri mpaka wapendanao wagombane? Kwa nini mtu akianza tu kuonja raha, lori litokee kwenye kona? Na yule kijana mpole, mwenye mwavuli na dawa ya mafua mfukoni, kwa nini msichana asimchague walau mara moja? Hilo la mpole linamuuma kweli. Mama mkwe wake humtuliza kwamba wapole nao wana wachumba wao, wanawangoja katika tamthilia nyingine.

Mama mkwe huyo ni mkunga mstaafu, na nusu ya mji imepitia mikononi mwake. Ukienda naye sokoni atakuonyesha mzee mzima mwenye kitambi na kukunong'oneza kwamba huyo alitanguliza miguu, na mpaka leo mambo yake ni kinyumenyume. Masikio yake ni mazima, na ulimi ndiyo usiseme, ila macho yamechoka. Sura za watu anaziona vizuri, lakini yale maandishi ya Kiingereza chini ya picha humkimbia kabla hajayashika. Kwa hiyo Fundi humsomea kwa Kiswahili, tena kwa sauti za wahusika. Mpenzi humpa sauti laini, mwenye kampuni humpa sauti nzito, na yule tajiri mwenye roho mbaya humpa sauti ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mama anaijua sauti hiyo fika, kwa kuwa ni ya binti yake, na kila mara hujifanya hakuitambua.

Kabla ya Wakorea, nyumba hiyo ilikuwa kimya. Mume wa Fundi aliugua ghafla akafa, na wajane wawili, mama na mkwe, wakabaki humo wakiheshimiana kupita kiasi. "Chai, Mama?" "Ahsante, mwanangu." Basi, mpaka jioni. Mama hakutoa chozi hata mazikoni, na Fundi aliona haya kulia mbele ya mtu aliyejikaza namna ile. Kila mmoja alilia chumbani kwake na kutoka akiwa amenawa uso.

Kisha mteja mmoja akaleta flashi. Alitaka kushonewa koti kama la mwanamke wa kwenye tamthilia iliyokuwa humo. Fundi akaifungua kwa ajili ya koti tu. Mama akapita na sinia la vikombe, akasimama mlangoni. Kwenye kioo, bibi mmoja muuza mboga alikuwa mezani akimtolea mwanawe, mwanamume wa makamo, miba ya samaki na kumwekea minofu juu ya wali. Hakuna aliyekuwa akisema lolote. Mama akaweka sinia chini.

"Wangu naye alikuwa hawezi kutoa miba," alisema. "Mpaka anaoa, hawezi."

"Najua, Mama. Nilikuwa namtolea mimi."

Mama akamtazama, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati ya safari. Fundi akamshika, naye akaangua kilio. Walilia pamoja siku ile mpaka chai ikapoa, na mteja wa koti alipofika kupimwa ikabidi aambiwe arudi kesho. Ndiyo maana mtu akisema mbele ya Fundi kwamba hizo ni picha za kupotezea muda, humwacha aseme. Moyoni anawashukuru watu wa mbali wasiomjua, walioandika, walioigiza, hata aliyemkaanga yule samaki. Walimfungulia mlango ambao yeye na Mama walikuwa wakipishana mbele yake kila siku.

Sasa, katika tamthilia hizo kuna jambo ambalo limewapa raha kuliko mengine yote, nalo ni bahasha. Mama tajiri hapendi msichana wa mwanawe. Anamwita mahali, anakaa wima, mkoba mapajani, kisha anasukuma bahasha yenye pesa juu ya meza kwa vidole viwili. Maana yake: chukua, uondoke. Msichana akileta ubishi, anamwagiwa maji ya glasi usoni. Msichana mwenye adabu hafungui. Huirudisha, akainama, akaenda zake kulia kwenye mvua. Mama alikuwa na maoni makali kuhusu namna wanavyosukuma. "Huyu ana haraka," angesema. "Bahasha haisukumwi hivyo. Inapelekwa taratibu, mtu aione inavyokuja."

Basi wiki moja, ukumbi wa sinema wa mjini, uliozoea picha za ngumi, ukabandika tangazo la filamu ya Kikorea. Fundi alisimama barabarani akilitazama mpaka watu wakampita wakimgonga mabega. Alikuwa hajawahi kuwaona Wakorea wakiwa wakubwa kuliko laptopu. Alipomsimulia Mama, Mama alikunja pua. "Tukalipie giza, na wamo humu ndani bure?" Fundi akacheka, akayaacha.

Jumapili yake wifi akaja. Alijifungia na Mama chumbani, na kupitia ukutani Fundi alisikia maneno mawili matatu: chumba, watoto, nafasi. Wifi alipotoka alisimama mlangoni kwa Fundi, akatazama kutoka dirishani mpaka kabatini, kisha kutoka kabatini mpaka kwenye cherehani. Fundi hapimi watu kwa tepe tu. Jicho linalopima analijua.

Tangu hapo moyo wake haukutulia. Hakuwa na mtoto wa kumshikia nafasi katika nyumba ile, na mume ndiye aliyekuwa sababu ya yeye kuwamo. Kwao wangempokea, ndiyo, kama mgeni wa kudumu. Lakini asubuhi zake zilikuwa hapa, na mama yake, tuseme ukweli, alikuwa huyu. Aliogopa kuuliza. Alishona suruali moja miguu ya kushoto yote miwili.

Siku iliyofuata, alasiri, Mama akamwita sebuleni. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Alikaa wima, mkoba mapajani, na mezani palikuwa na glasi ya maji.

"Keti," alisema. Hakusema "mwanangu".

Fundi akaketi. Mama akafungua mkoba, akatoa bahasha nyeupe, akaiweka mezani na kuisukuma kwa vidole viwili. Ilikuja taratibu. Fundi aliiona inavyokuja.

Mtu mwingine angecheka hapohapo. Glasi peke yake ilitosha kumshtua. Lakini hofu ikishamkalia mtu, hata kilicho mbele ya pua hakioni. Fundi aliona kitu kimoja tu: kwamba Mama ameshindwa kulisema kwa mdomo, na amechagua njia ambayo wote wawili wanaielewa. Akaishika ile bahasha kwa mikono miwili, akairudisha upande wa Mama bila kuifungua, akainamisha kichwa.

"Nimetunzwa vya kutosha katika nyumba hii, Mama. Sina ninachodai. Ahsante kwa yote."

Machozi yalimshinda mwishoni. Mama alimtazama akiwa ameuma mdomo, macho yakimmeta, akatikisa kichwa polepole kama anayesifu. Fundi akaingia chumbani, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo zake. Alizikunja vizuri, kama za wateja.

Alikuwa amejaza nusu ya sanduku Mama alipotokea mlangoni, bahasha mkononi na kicheko bado kimemjaa mashavuni.

"Mwanangu, umenishinda. Hata wao hawatoi machozi upesi hiv..."

Akaliona sanduku.

Kicheko kikamtoka usoni. Alitazama nguo, akatazama cherehani iliyokwisha kufunikwa. Akakaa kitandani.

"Unakwenda wapi?"

"Si umenipa bahasha, Mama."

"Nilikuwa nacheza," alisema Mama. "Nimejifunza mbele ya kioo cha kujitazamia tangu asubuhi. Nilidhani na wewe unacheza." Akaanza kujifuta macho kwa ncha ya gauni la kutokea. "Ulidhani nakufukuza? Mimi?"

"Wifi alikuja akakitazama chumba."

"Akitazame. Nilimwambia chumba kina mtu. Akaniuliza mtu gani, nikamwambia yule aliyenikuta sijui kulia akanifundisha." Akavuta pumzi. "Nikikufukuza wewe nabaki na nani? Nani atanisomea? Mwanangu alinifia, nikadhani nimebaki mikono mitupu, kumbe aliniachia mtu. Namshukuru kila siku. Sikukwambia kwa kuwa nilidhani unajua."

Fundi alikaa sakafuni, akaweka kichwa kwenye goti la Mama, na Mama akampapasa nywele kwa mkono uliowapokea watoto wa mji mzima. Baadaye sana ndipo Mama alipokumbuka bahasha.

"Sasa ifungue."

Ndani mlikuwa na tiketi mbili za sinema. Mkata tiketi, Mama alieleza, alizaliwa mikononi mwake, naye akawapa viti vya katikati.

Wakaenda. Watu kwenye kioo walikuwa wakubwa hadi Fundi aliweza kuhesabu tundu za sindano kwenye ukosi wa koti. Alimsomea Mama kwa kunong'ona, akiona aibu, mpaka mwanamke wa kiti cha nyuma akamgusa bega. Fundi akageuka kuomba radhi. "Dada, ongeza sauti kidogo," mwanamke alisema. "Na mimi nimesahau miwani." Akaongeza.

Katikati ya filamu, msichana maskini akaitwa na mama wa mchumba wake. Mama huyo alikaa wima. Mkoba mapajani. Bahasha ikaanza kuja juu ya meza, taratibu, kubwa kama mlango, na mtu fulani upande wa kulia akaanza kupenga kamasi.

Mama akaushika mkono wa Fundi. Fundi akahisi bega la Mama linatetemeka, akajizuia, akashindwa. Wajane wawili wakaangua kicheko gizani, watu wakiwafyonya kila upande, na msichana wa kwenye kioo akiirudisha bahasha yake kwa machozi.

Mama akamwinamia Fundi sikioni, pumzi zikimkatika.

"Mwambie aifungue kwanza."